Kwenda Banjul: mwongozo kwa msafiri wa kutoka upande wetu wa Afrika

Watu wengi wanaofika Gambia hawaioni Banjul. Wanashuka uwanja wa ndege wa Yundum, wanapakiwa kwenye mabasi ya hoteli, wanaota jua ufukweni Kololi wiki nzima, kisha hao, wamerudi kwao. Sisi wa Afrika Mashariki huingia kwa mlango mwingine. Wengi wetu ni mawakili na watu wa asasi za kiraia waliokuja kwenye vikao vya Tume ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, ambayo sekretarieti yake iko nchini humo tangu 1989. Lakini ukimuuliza aliyerudi kikaoni Banjul ikoje, atakusimulia ukumbi na chakula cha hoteli. Hana kosa. Barua ya mwaliko inaandika "Banjul", ilhali ofisi za Tume ziko Bijilo, ng'ambo ya daraja, na mji mkuu mtu anaweza asiukanyage kabisa.

Haya ni maelekezo ya kuufikia mji wenyewe. Tenga siku mbili kamili, moja ya kutembea mjini na nyingine ya kuvuka mto. Ukiwa na siku ya tatu, nitakwambia pa kuipeleka.

Hatua ya kwanza: ielewe ramani kabla ya kulipia kitanda

Banjul ni kisiwa, kilichokaa pale Mto Gambia unapomwaga maji yake Atlantiki. Mwaka 1816 Kapteni Alexander Grant wa jeshi la Uingereza alijenga hapo kituo cha kuzuia biashara ya utumwa mtoni, mji ukaitwa Bathurst kwa jina la waziri wa makoloni wa wakati ule. Jina la Banjul lilirudi rasmi mwaka 1973. Upande mmoja ni bahari, mwingine mto, na nyuma ni mikoko ya Tanbi, kwa hiyo mji hauna pa kupanukia. Sensa ya 2013 ilihesabu watu kama 31,000 tu. Dar es Salaam kuna kata zenye watu kuliko hao.

Watu walihamia bara, kuvuka Denton Bridge. Serekunda ndiko kwenye msongamano, maduka na kelele. Bakau na Fajara ni mitaa ya pwani iliyotulia. Kololi ndiko kwenye hoteli, baa na disko, na wenyeji hukuita "Senegambia" kwa jina la hoteli ya zamani ya pale. Asubuhi watu hufurika Banjul kwenda kazini na sokoni. Jioni wanarudi bara, na ikifika saa mbili usiku mji mkuu umeshalala, mbwa wanavuka barabara kwa nafasi yao.

Basi lala bara, Banjul uiendee mchana. Mimi ningechagua Bakau: una soko la samaki karibu, usafiri wa kwenda mjini unaupata kwa urahisi, na bei hazijaharibiwa na watalii kama Kololi. Kama unapenda usiku wenye muziki, kaa Kololi, lakini usije kulalamika kuhusu papasi, wale vijana wanaowaandama watalii.

Hatua ya pili: karatasi na ndege

Habari njema ni viza. Gambia, pamoja na Benin, Rwanda na Seychelles, ni kati ya nchi chache zilizofungua mlango kwa pasipoti zote za Afrika bila viza. Beba kadi ya njano ya chanjo ya homa ya manjano. Utaulizwa kwenda, na kurudi nyumbani utaulizwa tena. Weka na dola 20 taslimu mahali pa karibu, kwa ajili ya tozo ya usalama wa uwanja wa ndege. Tozo hiyo hulipwa kuingia na kutoka, kwa hiyo ni 20 mara mbili.

Habari mbaya ni njia. Hakuna ndege ya moja kwa moja kutoka kwetu. Unaweza kupitia Casablanca, Istanbul, au Lomé, ambako ASKY hupokea abiria wa Ethiopian kutoka Addis Ababa. Njia ya Brussels ipo pia, ila angalia kwanza kama pasipoti yako inadaiwa viza ya kupita tu. Wengi wamekwama hapo wakiwa na tiketi mkononi. Wengine huruka hadi Dakar kisha wanashika gari la abiria saba, lile Wasenegali wanaloliita sept-place, mpaka mpakani Karang, halafu Barra, mji wa ng'ambo ya mto, halafu kivuko cha kwenda Banjul. Ni safari ya siku nzima, unahitaji faranga za CFA na Kifaransa kidogo, na masharti ya kuingia Senegal uyasome peke yake, maana si yale ya Gambia.

Msimu: nenda kati ya Novemba na Februari. Mvua hunyesha Juni hadi Oktoba, na mbu wa malaria huwa wakali zaidi mwishoni mwa mvua. Desemba na Januari usiku una kibaridi, na upepo wa harmattan huleta vumbi la Sahara. Dawa ya kinga ya malaria umeze hata kama umezoea kujiona mtoto wa mbu. Chandarua uliza hotelini.

Hatua ya tatu: fedha mkononi, maana M-Pesa imebaki nyumbani

Nilikosea hapa. Nilifika na simu yenye salio zuri, kadi moja ya benki na kiburi cha mtu aliyezoea kulipia hata mchicha kwa simu. Kadi ilikataliwa kwenye mashine ya kwanza, ya pili haikuwa na fedha. Nililala siku hiyo kwa mkopo wa mwenzangu.

Fedha ya Gambia ni dalasi. Dola moja imekuwa ikizunguka dalasi 70 hivi. Noti kubwa kuliko zote ni ya 200, kwa hiyo ukibadilisha dola mia mbili utapewa bunda la kujaza mfuko. Beba dola, euro au pauni safi zisizokunjika, ubadilishe kwenye maduka ya kubadili fedha Serekunda au Kololi, na uhesabu hapohapo kabla ya kuondoka dirishani. Omba noti ndogondogo za kutosha: dereva wa teksi hana chenji, na mama wa sokoni naye hana, au anakwambia hana.

Laini ya simu nunua siku ya kwanza. Africell na QCell zote zinafaa, utaombwa pasipoti kusajili. Wenyeji nao hutumiana fedha kwa simu, Wave ikiwa mojawapo, ila kwa siku mbili tatu haikulipi kuhangaika. Soketi za umeme ni zile za matundu matatu ya mraba kama zetu, huna haja ya kununua adapta.

Saa zao ziko nyuma ya zetu kwa saa tatu. Na wao husoma saa kama Wazungu: akikwambia saa tatu, uliza ni tatu ipi.

Hatua ya nne: barabarani

Gambia huendesha kulia tangu 1965. Unaweza kulisoma hili mara kumi na bado, siku ya kwanza, utaangalia kulia na kuweka mguu barabarani. Angalia kushoto kwanza. Jiambie hivyo kila unapovuka.

Kutoka uwanja wa ndege hadi mitaa ya pwani utapanda teksi. Mkubaliane bei kabla mzigo haujaingia buti. Baada ya hapo jifunze rangi. Teksi za kijani ni za watalii, hupaki nje ya hoteli na bei yake ni ya juu. Za njano zenye mstari wa kijani ni za wananchi, na hutumika kwa namna mbili. Ukisimama barabarani ukataja kituo, unachangia gari na wengine kwa nauli ndogo. Ukimwambia dereva "town trip", umeikodi peke yako. Ole wako usitamke neno hilo kwa bahati mbaya.

Kisha kuna gele-gele, ambayo ni daladala au matatu kwa jina lingine: gari dogo chakavu, konda anayeitwa aprentisi ananing'inia mlangoni akiita vituo. Kwenda Banjul, fika Westfield, njiapanda ya Serekunda ambako kila gari hupita, upande la mjini. Likivuka Denton Bridge tazama dirishani kwenye mikoko. Kina mama unaowaona kwenye mitumbwi wanachuma chaza walioshika mizizi ya mikoko. Eneo lote la Tanbi limo kwenye orodha ya Ramsar ya ardhioevu zenye umuhimu wa kimataifa tangu 2007, na wachuma chaza hao wana chama chao, TRY, ambacho hufunga msimu kwa miezi kadhaa kila mwaka ili chaza wapate kukua. Kamera iache mfukoni hapo darajani kwa sababu kuna askari.

Hatua ya tano: salamu

Hatua hii haina gharama na ndiyo itakayoamua safari yako iweje. Gambia ni nchi ya Waislamu kwa zaidi ya asilimia 90, na mtu hafungui mdomo kuuliza bei wala njia kabla ya "Salaam aleikum". Kwa aliyelelewa pwani yetu hii ni nyumbani. Kwa aliyezoea haraka za jiji kubwa, apunguze mwendo.

Kiingereza ndiyo lugha ya serikali, lakini Banjul huongea Kiwolof, na ukienda bara kidogo Kimandinka kinatawala. Kwa Kiwolof utaulizwa "Naka nga def?", ujibu "Jama rek", yaani amani tu. Kwa Kimandinka jibu ni "Kaira dorong", na ukisikiliza vizuri hiyo kaira utaisikia heri yetu ndani yake. Shukrani ni "jerejef" kwa Kiwolof na "abaraka" kwa Kimandinka. La pili halihitaji tafsiri. Sokoni: "Nyaata la?" ni kiasi gani, "Wanyi ko" ni punguza.

Utaulizwa jina la ukoo. Usishangae kuulizwa na usishangae kutukanwa kidogo baadaye, kwa sababu wana utani kama wetu wa Wazaramo na Wanyamwezi, ila wao huufunga kwenye majina. Njie na Jobe ni watani: mmoja atamwita mwenzake mlafi mbele yako, na huyo atacheka mpaka machozi. Mgeni hupewa jina la ukoo kwa ukarimu. Ukilipokea, umerithi na watani wake.

Hatua ya sita: siku ya kwanza, mji kwa miguu

Shuka kwenye gari saa tatu asubuhi kwa kuhesabu kwetu, jua likiwa bado na adabu, pale linapoanzia jiji: Arch 22. Ni lango la mita 35 lenye nguzo nene, lililochorwa na msanifu wa Senegal Pierre Goudiaby Atepa na kukamilika 1996. Ile 22 ni tarehe 22 Julai 1994, siku Yahya Jammeh alipompindua rais Dawda Jawara. Jammeh alitawala miaka 22, akashindwa uchaguzi wa Desemba 2016 na Adama Barrow, akang'ang'ania, kisha akaondoka kwa ndege Januari 2017 baada ya majeshi ya ECOWAS, jumuiya ya nchi za Afrika Magharibi, kuingia nchini. Enzi zake chini ya lango hilo gari lililoruhusiwa kupita lilikuwa la rais peke yake. Ukikuta ngazi zimefunguliwa, panda: kutoka juu unauona mji wote, na ndipo unapoelewa udogo wake.

Fuata Independence Drive kuelekea katikati. Kuna hospitali kuu upande mmoja, yenye jina la Edward Francis Small, aliyeunda chama cha wafanyakazi cha Bathurst na kuongoza mgomo wa 1929. Makumbusho ya Taifa yako barabara hiyohiyo, yalifunguliwa 1985. Ni madogo na yana vumbi lake, saa moja inatosha, lakini ghorofa ya ala za muziki usiipite.

Mbele kidogo utatokea kwenye uwanja wa wazi ambao wazee bado wanauita MacCarthy Square. Kuna mnara wa kumbukumbu ya vita. Msomaji wa Tanzania asimame hapo dakika moja: Kampuni ya Gambia ya jeshi la kikoloni la Waingereza ilipigana Kamerun, kisha ikaletwa Afrika Mashariki ya Wajerumani mwaka 1917. Kuna vijana wa kisiwa hiki walioijua misitu ya kusini ya Tanganyika kabla ya babu zetu wengi.

Kuanzia hapo acha ramani. Mitaa imepangwa kwa mistari iliyonyooka, huwezi kupotea. Ukifika majini, geuka. Mingi ilipewa majina ya majenerali wa vita vya Waterloo, na baadhi ya watu wanaendelea kuyatumia ingawa vibao vimebadilishwa. Tafuta nyumba za mbao zenye paa la bati na vibaraza, ambazo ni za Waaku, wazao wa watumwa waliokombolewa na kupitia Sierra Leone. Kutoka mitaa hiyo utaona minara ya msikiti wa King Fahad. Upande wa bandarini ni mtaa unaoitwa Half Die, jina lililotokana na kipindupindu cha 1869, kilipofagia watu kiasi kwamba waliobaki walihesabu nusu. Watu wanaishi hapo, wanacheza draft nje ya milango yao, na jina hawajalibadilisha.

Soko la Albert liache mpaka saa tano au sita, watu wakiwa wamejaa. Lina jina la mume wa Malkia Victoria na limekuwapo tangu katikati ya karne ya 19. Mbele ni vitambaa na viatu. Ingia ndani zaidi, kwenye vichochoro ambako mabati yanagusana juu na mwanga unakuja kwa vipande: samaki wa bonga waliokaushwa kwa moshi, ubuyu wa unga, mafuta ya shea, karanga za kila hali. Kina mama wa pwani yetu waulizie churai. Ni mchanganyiko wa kufukiza chumba na nguo, binamu wa udi wetu, na kila muuzaji ana wake aliouchanganya mwenyewe. Mwanamke aliyeniuzia alinitazama, akachagua, akasema huu ni wa mke wa mtu. Mimi nilikuwa natafuta zawadi ya mama. Nikanunua aina zote mbili.

Sehemu ya vinyago na batiki iko nyuma ya soko, na huko bei ya kwanza ni ya kukupima tu. Anza chini ya nusu, tabasamu, uwe tayari kuondoka. Ukiona umeitwa mara ya tatu, mmekaribiana.

Picha: omba ruhusa kwa mtu yeyote. Ikulu, bandari, vivuko na askari, hata usiombe.

Chakula

Kula mchana, kwa sababu usiku mjini hutapata kitu. Benachin ni wali uliopikwa chungu kimoja na samaki na mboga; anayejua pilau ataelewa fikra yake lakini si ladha. Domoda ni mchuzi mzito wa karanga juu ya wali, na kama umekulia Tabora au Kigoma utajisikia kwenu. Superkanja ni bamia kwa mafuta ya mawese na samaki. Asubuhi nunua mkate wa tapalapa, mrefu na mgumu kwa nje, uwekewe akara, bajia za kunde zenye pilipili ya kitunguu. Vinywaji ni wonjo, ambao ni rozela yetu, na juisi ya ubuyu iliyo nzito kama mtindi. Usiku ukiwa bara, fuata moshi wa afra: nyama choma inayokatwakatwa na kuletwa kwenye karatasi na vitunguu na haradali.

Ukipita watu wanakula sinia moja watakuita "kaay añ", njoo ule. Ni karibu ya kweli, lakini kama kwetu, kukataa kwa shukrani hakuvunji mtu moyo. Ukikaa, mkono wa kulia, kula upande wako, na ukiona kipande cha samaki kinasogezwa mbele yako usikirudishe.

Chai ya attaya ni suala la muda. Majani ya chai ya kijani, sukari nyingi, birika dogo juu ya mkaa, vikombe viwili vinavyomiminiana mpaka povu lisimame. Hutolewa mara tatu na inaweza kula mchana wako wote. Ukikaribishwa kwenye bantaba, yaani kijiwe chao cha chini ya mti, usikae kama una miadi.

Hatua ya saba: siku ya pili, kuvuka mto

Kivuko cha Banjul kwenda Barra huvuka kama kilomita 5 za maji. Fika kituoni alfajiri, ukate tiketi kabla ya kuingia eneo la kupandia. Kwa kawaida ni nusu saa hadi saa nzima majini, lakini vyombo ni vichache na vina umri wao, kusubiri saa mbili si jambo la ajabu. Mitumbwi ya injini iliyo pembeni ni ya haraka na hujazwa kupita kiasi. Vijana hukubeba mabegani kukupandisha usilowe. Mimi sikupanda. Ukipanda, vaa jaketi la kuokolea kwanza, malumbano baadaye.

Barra kuna Fort Bullen, ngome ya Waingereza ya miaka ya 1820 iliyokabiliana na mizinga ya Banjul ng'ambo, ili meli ya watumwa isipite katikati. Kutoka hapo shika teksi ya kuchangia au ukodi hadi Juffureh na Albreda, kama kilomita 30 juu ya mto, na mtumbwi ukufikishe kisiwa cha Kunta Kinteh (mtumwa anayesimuliwa katika riwaya ya Roots). Kisiwa hicho kiliitwa James Island hadi 2011. Kimo kwenye urithi wa dunia wa UNESCO tangu 2003, na maji yamekimega kiasi kwamba magofu ya ngome ya enzi za biashara ya watumwa yamebanwa kwenye kipande kidogo chenye mibuyu. Aliyeona Bagamoyo au soko la watumwa Unguja atakuwa na maswali yake. Mwajiri mwongozaji wa kijijini, mkubaliane bei ya kila kitu kwa pamoja, mtumbwi ukiwemo, kwa sababu malipo ya papo kwa papo huko hayaishi.

Rudi Barra kabla ya saa kumi jioni. Kwenye kivuko kaa upande wa kulia kama unaelekea Banjul: jua linazama baharini upande huo.

Siku ya tatu kama unayo, baki Bakau. Bwawa la Kachikally lina mamba ambao watu huwagusa, na wanawake wanaotafuta mtoto huja kuoga maji yake. Ukoo wa Bojang ndio walinzi wake. Jioni nenda Tanji, mitumbwi ya rangi ikirudi na samaki, kina mama wakiingia maji ya kifuani na beseni kichwani.

Papasi, kwa kumalizia

Wenyeji huwaita bumsta. Ni vijana wa ufukweni na wa milango ya hoteli, watakuambia "mimi napika hotelini kwenu, hunikumbuki?" Hupiki hotelini kwetu. Wewe mweusi mwenzao hawakuandami kama wanavyomwandama Mzungu, lakini lafudhi ikikuumbua watajaribu. Salimia kikamilifu, kata kwa upole, endelea kutembea. Anayekupa zawadi ya bangili bila kuomba kitu ataomba. Na bangi anayokunong'onezea ni jela, msijaribu.

Siku ya kuondoka, tenga dola 20 za tozo kwenye pasipoti ili usizitumie, na dalasi zilizobaki zimalize kwenye ubuyu na churai huko Albert. Ukifika nazo Nairobi au Dar hakuna dirisha litakalozipokea.